Fundi wa Swali la Tatu

Katika jaribio la kwanza la uhasibu, Tunu alisoma swali la tatu mara mbili: Fundi mmoja wa nguo amefunga duka. Ana cherehani mbili, pasi ya mkaa iliyokatika mpini, na sare za shule alizoshona kwa mkopo, wazazi wakaingia mitini. Tayarisha mizania yake.

Alikuwa baba yake huyo, mzimamzima, hadi pasi. Mwezi uliopita Tunu alimweleza Mwalimu Kibwana wa somo hili yote hayo ofisini, mlango umefungwa, alipoulizwa kwa nini haonekani darasani.

“Jamani, fundi gani bwege hivi?” mtu alinong'ona nyuma, safu nzima ikacheka kichinichini. Mwalimu naye akatabasamu.

Akapita kati ya madawati, akamwinamia Tunu sikioni. “Wewe hili lisikutishe, mwanangu. Unalijua.”

Kweli alilijua. Alipanga mali huku, madeni kule, hesabu ikakaa sawa bila kufuta hata tarakimu moja. Kisha akarudi juu ya karatasi, penye nafasi ya jina la mwanafunzi, akaandika kwa herufi kubwa jina la baba yake.