Habasoda ya Biasha

Yunusi aliukung'uta mfuko mpaka kidonge cha mwisho kikatumbukia kwenye shimo la choo.

"Kaka!" Hajra alilia, kikohozi kikamkata sauti. "Nesi nitamwambia nini?"

"Aje aseme na mimi. Kifua hikihiki si kilinitemesha damu, Chinongwe nzima ikajua? Nikapewa vidonge kama hivi. Nikaapa: mke akivileta mbele yangu, talaka." Akamwekea dada yake kopo la asali na kifuko cha habasoda. "Vijiko viwili asubuhi. Ni chungu, lakini wiki ya kwanza tu mkojo wangu uligeuka mwekundu, uchafu ukatoka. Leo nabeba gunia la ufuta peke yangu. Biasha, mwambie wifi yako nani alikuwa ananitwangia."

"Mimi," Biasha alisema. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa choo.

"Na nani alikuwa anaifuata Ruangwa mjini kila mwezi?"

"Mimi."

Hajra alicheka kwa shida. "Basi una kazi, wifi. Huyu hata uji wa mama alikuwa anautema."

"Niache hapa Marambo," Biasha alimwambia mumewe haraka. "Nimuuguze. Nimtwangie mwenyewe."

"Na korosho ataokota nani? Kutwanga nako kuna ufundi? Kinu anacho, mikono anayo."

"Walau mwezi mmoja. Nimpeleke na Nachingwea, wakampime tena..."

"Biasha!"

Jina tu. Biasha aliwafikiria wanawe watatu, akapanda nyuma ya pikipiki.

Hajra hakukosea kipimo. Alitwanga, akachanganya na asali, akalamba bila kuruka asubuhi hata moja. Korosho zilikuwa bado zinaanguka walipomzika.

Matangani, Yunusi alikaa katikati ya wanaume. "Habasoda ni dawa ya kila maradhi ila mauti," aliwaambia. "Mimi si huyu hapa? Dada yangu siku zake zilikuwa zimefika." Wanaume walikitazama kifua chake kipana, wakaamini.

Uani, Rukaiya, jirani wa marehemu, alimvuta Biasha pembeni. Mume wake alikuwa anakohoa tangu mavuno ya ufuta.

"Vidonge alivyopewa kavisukumia uvunguni," alinong'ona. "Anataka habasoda tu, kama ya mumeo. Nitwangie wewe mwenyewe, mwenzangu. Nakuomba."

Biasha alichungulia upande wa wanaume, kisha akamwinamia sikioni.

"Vidonge vyake niletee," alisema. "Nitavitwanga humohumo, kama nilivyokuwa navitwanga vya Yunusi."