Moteri Yenye Nguvu

Mezani kulikuwa na moteri mbili za kigari changu cha telekomandi, kile cha kupanda mawe. Moja ilikuwa tulivu lakini dhaifu. Ya pili ilikuwa na nguvu, ila ililia kama droni ya mabomu.

“Papa Gentil, tia ile ya kimya,” mke wangu alisema. “Watu bado wako na woga wa zile droni.”

“Maman, unataka kigari kipande mawe ya mlima wa Kadutu ao kiende misa?”

Nikaunganisha nyaya za ile yenye nguvu, nikawasha. Dirisha la jirani likafungwa kwa kishindo. Mke wangu akaingia chini ya meza, mikono kichwani.

“Toka, maman, ni miye tu.” Nikazima, nikachomoa betri, nikamwonyesha kiganjani, ingali na joto.

Hakutoka. Mlio ulikuwa unaendelea, juu ya paa letu.