Mikono ya Bibi Harusi

Mize alikuwa fundi wa kuwashonea nguo waigizaji wa filamu. Siku moja mwigizaji mkuu aliungua mikono, mwongozaji akaomba ya Mize. Ikapigwa picha ikipakwa hina, ionekane ni ya bibi harusi.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni, mumewe alijisogeza mbele.

"Tazama vidole hivyo," alisema. "Huyo ndiye mwanamke."

"Ni vyangu, baba Saumu."

Mumewe alicheka mpaka akakohoa. "Vyako hivyo vya sindano?"

"Nilikaa na hina ile humu ndani wiki nzima."

Hakumsikia. Alikuwa ameikodolea macho skrini, akimsubiri bibi harusi arudi. Bila kugeuka, akamnyooshea mkewe kikombe amwongeze chai.

Mize hakuinuka. Kikombe kikabaki hewani.