Itazame Barabara

Mshonaji alikuwa na pini tatu mdomoni pale fundi wa sola alipopanda juu ya paa la nyumba ya ng'ambo, nyumba ya mdogo wake wa tumbo moja.

"Nikuwekee mbele au nyuma, mama?"

"Weka kama kwa dada! Itazame barabara. Tena mimi niwekee mbili!"

Mshonaji nusura ameze pini. Yeye alipoweka paneli yake majirani walimcheka, wakamwita Mama Jua. Kisha wakafuata mkumbo mtaa mzima, kila paneli ikaikodolea macho barabara. Kwake jua hupiga mbele. Kwa hao wa ng'ambo hupiga nyuma, na mbele paa hushinda kivulini. Nani aliinua kichwa kulitafuta jua? Walitazama kwake tu, na sasa kila jioni wanawasha mishumaa na kulaumu betri. Mambumbumbu! Na mafundi nao huweka wanapoambiwa, wakakunja ngazi wakaenda zao.

Lakini huyu alikuwa mdogo wake, na paneli hizo alizipata kwa kuuza kitanda cha marehemu mama yao.

Mshonaji akatoa pini ya kwanza. Akatoa ya pili. Akaishika ya tatu.

"Unatukodolea nini, dada?" mdogo wake akapaza sauti, mikono kiunoni. "Ulidhani jua ni la kwako peke yako?"

Juu ya paa, drili ikaanza kulia.

Mshonaji akazirudisha pini mdomoni, moja moja, akaibana midomo.