Kikombe Kilichojaa

Theluji ilikuwa imekoma, lakini barabara ilikuwa barafu tupu, inang'aa kama sinia lililosuguliwa. Dereva Tunu alikuwa akiwapeleka bwana harusi na mjomba wake ukweni, mwendo wa pole. Mbele ya usukani alikuwa ameweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni, bila kifuniko. Kila majira ya baridi aliendesha hivyo: chai ikimwagika, ni kosa lake.

“Kanyaga mafuta, mama!” mjomba alifoka. “Wakwe watatucheka!”

“Waache wacheke. Sisi tufike hai, tuwasikie.”

Nyuma yao magari yakapiga honi. Walipokaribia mteremko, mjomba uvumilivu ukamwishia.

“Simamisha! Shuka, niendeshe mimi!”

Tunu akalisogeza gari pembeni taratibu, akalizima. Akachomoa ufunguo, akamkabidhi pamoja na kikombe.

“Haya, mzee, endesha. Ila chai yangu ifike ukweni imejaa vilevile.”

Mjomba akautazama mteremko. Akanyoosha mguu ashuke, chai ikamwagikia kanzu yake nyeupe, na gari lenyewe halijasogea hata kidogo.

Kwenye kiti cha nyuma, bwana harusi akafunga mkanda.