Tunda Lililovishwa Shati

Mwaguzi, bibi kizee, alitikisa kauri viganjani. "Zikiangalia juu, mumeo yuko hai. Zikilala kifudifudi, mlie."

Rispa alipiga magoti kando ya mkeka. Tangu mumewe aingie ziwani kwenda kisiwa cha Remba na asirudi, mbwa akibweka tu alikimbilia mlangoni.

Shemeji yake aliketi nyuma, gunia mapajani.

"Na wewe umebeba nini humo?" mwaguzi aliuliza.

"Nyanya, ni yago."

Rispa alishtuka. Ziwa likikataa kurudisha maiti, tunda la yago ndilo huzikwa mahali pake.

"Kumbe umekuja na jibu lako! Sasa kauri zangu ni za nini?"

"Ni kujipanga tu, nyanya. Shemeji asingoje bure. Hata nguo ya ndugu yangu nimeshalivisha."

"Litoe nilione. Tunda lenye ufa halizikwi."

Akalitoa, refu na zito, limeviringishwa shati la kijani kama mtoto mchanga. Rispa aliona kola. Palipochanika palishonwa kwa uzi mwekundu. Alipashona mwenyewe asubuhi ile ya safari, kwa kukosa uzi wa kijani. Mumewe alinung'unika kwamba wavuvi watamcheka, kisha akalivaa, akaenda.

Rispa aliugusa ule uzi kwa kidole. Ulikuwa mkavu.

"Rusha, nyanya," alisema polepole.

Kauri zikatawanyika mkekani. Mwaguzi akaziinamia, lakini Rispa hakuziangalia. Alikuwa amegeuka, anaitazama mikono ya shemeji yake.