Mto wa Mgongoni

Siku ile mjinga alikuwa Twiga mwenyewe, na baadaye alikiri bila kushikiwa fimbo. Karakana nzima ilimwita Twiga kwa urefu wa miguu yake, na ndege zote za mafunzo alizobuni alizipima kwa miguu hiyohiyo.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pili ikaongezwa nguvu ya injini. Sasa ya tatu iling'aa mbele yao, bado inanuka rangi, ikisubiri sahihi moja tu ili iruke: ya mwalimu wa marubani, mama mfupi aliyefundishia zile mbili kwa miaka tisa.

Mama alipanda na mto wake wa mgongoni, ulioshonwa kwa pazia kuukuu. Kwanza aliuweka kando, akakaa, akanyoosha mguu. Ncha ya kiatu ikabaki inaning'inia, shubiri nzima kabla ya pedali.

"Hata hiki kiti hakisogei, baba?"

"Reli za kusogeza zinaongeza uzito," Twiga akasema, midomo kaibenua. "Hii ni ndege, si kochi la sebuleni. Tafuta wanafunzi warefu."

Mafundi waliinamia nati zao, wakakaza zilizokwisha kukazwa.

"Basi sahihi yangu huipati."

Twiga akacheka puani. "Mama, mimi nimebuni ndege tatu. Wewe umebuni nini maishani mwako?"

Mama akamtupia mto kifuani.

"Huo. Ndio uliorusha zako mbili za kwanza."